Fungu, Kifungu, Ufunguo

Tarehe ishirini na saba Machi.
Zimebaki siku nne mwaka wa serikali ufe
na fedha isiyotumika irudi Regina, makao makuu,
kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Mimi ni Ardith, mtunza hesabu wa nyumba isiyo na kibao,
kaskazini mwa Saskatchewan, vitanda kumi na viwili,
na mlango wa nyuma ambao kitasa chake
kimekufa tangu Januari.
Tunaubana kwa mashine ya kufulia.
Usiku, anayekwenda msalani huisikia ikisogea
hata kama haijasogea.

Redioni waziri alitaja mamilioni.
Alisema hakuna mwanamke atakayeachwa nje.
Nilikuwa namenya viazi; nikaweka kisu chini,
nikayagawa mamilioni kwa wilaya, wilaya kwa nyumba,
nyumba kwa vitanda, vitanda kwa usiku,
ikabaki bei ya kikombe cha chai
bila sukari.
Ahadi ni deni, sawa, ila mimi nayajua madeni:
yapo ya kulipwa, na yapo ya kusomwa kwa sauti nzuri.

Fungu limekuja, sikatai.
Limekuja na vifungu vyake.
Kifungu cha nne kinaruhusu mabango,
kalamu zenye nembo, semina, vitafunio vya semina.
Kifungu cha tisa kinakataza kitasa.
Kitasa ni mali ya kudumu,
na fungu hili si la vitu vya kudumu.
Nilisoma mara mbili.
Mabango tunayo thelathini, yote yanasema Usalama ni Haki.
Moja tumezibia ufa wa dirisha la jikoni.
Linafanya kazi vizuri.

Nikampigia Terrence wa wizarani,
kijana mpole, huomba samahani kabla hajakosea.
Nikamwambia: Delphine kafika Jumanne na mabinti wawili,
miguuni viatu vya mumewe, vyote vya kushoto.
Nikamwambia: mume anaijua barabara yetu,
ndiye anayeiondolea theluji kwa mkataba wa halmashauri.
Yeye hulipwa kila mwezi.
Hacheleweshwi.

Terrence akanyamaza. Nikasikia kiti chake kikilia.
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyefunika simu kwa kiganja:
"Kuna semina mliyobakiza?"
Ipo.
"Semina huwa na vifaa vya kufundishia."
Huwa navyo.
"Basi," akasema, na hakuongeza neno.

Tukafanya semina.
Mada: Kufunga na Kufungua.
Mkufunzi: fundi Lorne, miaka sabini na moja, na bisibisi yake.
Washiriki kumi na mmoja, kila mmoja
akazungusha ufunguo mara tatu,
kwa kuwa fomu inataka vitendo.
Wengine walicheka.
Marlys alizungusha mara ya nne, ya tano, ya sita,
tukamwacha.
Josette, binti mdogo wa Delphine, hajui kuandika.
Kwenye safu ya sahihi amechora mlango,
na ndani ya mlango, mlango mwingine.

Usiku ule theluji ilianguka, si nyingi.
Asubuhi, nyayo:
zimetoka barabarani, zimepita pipa la takataka,
zimefika kizingiti cha nyuma, zimesimama,
zimesimama mpaka theluji ikayeyuka chini yake ikaganda tena,
zimerudi.
Delphine aliziangalia, kikombe mkononi.
"Buti za kazi," akasema,
akaingia ndani kuongeza maziwa.

Nimejaza ripoti.
Matokeo yaliyotarajiwa: uelewa kuongezeka.
Matokeo yaliyopatikana: niliandika, nikafuta,
nikaandika, Umeongezeka.
Kwa nyayo hakuna safu.
Salio, dola moja na senti kumi,
nimelirudisha Regina kabla ya saa sita usiku,
kama kifungu cha kumi na mbili kinavyotaka.